UZI: Kufufua Massey Ferguson 35 na 135 nyumbani pamoja na familia (Mwanza na kando ya ziwa)

#1 FundiKayenze

Wadau, uzi huu ni wa wenye trekta la zamani lililolala uani au shambani, iwe Magu, Misungwi, Sengerema au hapa Ilemela, na wanataka kulirudisha kazini kama shughuli ya Jumamosi ya baba, mama na watoto. Tuzungumzie Massey Ferguson 35 ya silinda tatu na MF 135 iliyoifuata. MF 135 ilizinduliwa mwishoni mwa 1964, ikaundwa Coventry, Uingereza, hadi miaka ya katikati ya 1970. Injini zake ni za ukoo mmoja, Perkins 3.152: silinda tatu, lita 2.5, kipenyo cha silinda milimita 91.4 na mwendo wa pistoni milimita 127. Spea bado zinapatikana kwa sababu India, Pakistani na iliyokuwa Yugoslavia zilitengeneza matrekta ya muundo huo kwa leseni. Spea nyingi za injini ya MF 240, ndugu yake wa baadaye, zinaingia moja kwa moja.

Ukiuziwa MF 35 yenye injini ya silinda nne (Standard 23C), fikiri mara mbili. Ni ngumu kuwaka na spea zake ni adimu. Kwa familia inayoanza, chukueni ya silinda tatu.

Matrekta haya hayauawi na umri. Yanauawa na maji na vumbi. Maji ya mvua huingia kwa bomba la moshi lisilo na kifuniko, hujikusanya kwenye tangi la dizeli, hupenya gia boksi kupitia mpira wa mkono wa gia uliopasuka, na kwenye rejeta hubaki yaleyale ya ziwani yaliyomiminwa zamani kwa ndoo. Kwa hiyo kazi ifuate njia ya maji: toa maji kila mahali, halafu ndiyo ufikirie kuwasha. Rangi ni ya mwisho kabisa. Anayeanza na rangi atakuja kuibandua wakati wa kufungua injini, na dizeli itaharibu iliyobaki.

Siku ya kwanza msizungushe chochote. Weka beseni chini ya kizibo cha sampu (bakuli la oili chini ya injini), kilegeze polepole bila kukitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia. Yakitoka matone machache kisha oili nyeusi, huo ni unyevu wa kulala tu. Yakitoka kikombe kizima au zaidi, shuku gasketi ya silinda hedi, laina (bomba la ndani la silinda) iliyotoboka au mvua iliyoingia kwa bomba la moshi. Fanya hivyohivyo kwenye vizibo vyote vya chini vya gia boksi na difu. Kila sampuli iingie kwenye chupa safi ya plastiki yenye jina lake. Hiyo ni kazi ya mtoto, na chupa hizo zitawaambia mengi kuliko muuzaji wa trekta.

Kisha fungua kifuniko cha tapeti na ukague fito (vyuma virefu vinavyosukuma valvu) na springi za valvu. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inafutika. Utando mweupe uliotapakaa kama maziwa yaliyoganda ni maji yaliyokuwa yakizunguka na oili injini ikiwa kazini, na hapo hedi lazima ifunguliwe.

#2 Mkulima_Magu

Mkuu, hapo kwenye kutozungusha sisitiza zaidi. Huku vijijini trekta lililolala miaka mingi linafungwa mnyororo nyuma ya lori, linatiwa gia, linavutwa. Kama injini imekamata, ubaya wake ni upi hasa?

#3 FundiKayenze

Ubaya upo wa aina mbili. Kama ringi zimeshikwa na kutu kwenye laina, nguvu ya lori hupita kwenye magurudumu, ikapita gia boksi, ikafika kwenye krenki (shafti kuu ya injini). Kitakachokubali kwanza ni ringi kukatika au konrodi (mkono unaoshika pistoni) kupinda. Na kama kuna maji juu ya pistoni, maji hayabanwi. Konrodi inapinda palepale, na injini itawaka baadaye ikiwa dhaifu bila wewe kujua sababu.

Njia ya injini iliyokamata ni hii. Toa nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda) zote tatu. Kila moja inashikwa na nati mbili. Legeza kwa zamu, nusu mzunguko huku na nusu kule, isitoke kwa upande. Ikigoma, mwagia mafuta ya kulegeza, subiri hadi kesho, kisha izungushe kidogokidogo kwa spana huku na huko. Usitumie patasi.

Changanya ATF, yaani ile oili nyekundu ya gia boksi za otomatiki, na dizeli, nusu kwa nusu. Mimina kama robo kikombe cha chai kwenye kila tundu la nozeli. Acha siku tatu hadi wiki, ukiongeza kidogo kinapopungua. Kisha weka spana kwenye nati ya puli ya krenki mbele na ujaribu kwa nguvu ya mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ukipata hata milimita chache, ushindi umeanza. Rudia kila siku. Msiongeze bomba refu kwenye spana. Ikikataa baada ya wiki mbili, fungua hedi na sampu, pistoni itolewe kwa utaratibu.

Ikiwa huru, funika matundu ya nozeli kwa kitambaa, kila mtu akae mbali, kisha zungusha kwa stata ili kilichobaki juu ya pistoni kitoke. Halafu badilisha oili ya injini, maana mchanganyiko ule umeshachuruzika hadi kwenye sampu. Karibu lita 7 zinatosha, fuata stiki. SAE 15W-40 ya dizeli inafaa.

#4 DadaSpana

Naongeza moja kwenye hapo. Injini iliyomiminiwa ATF na dizeli inaweza siku ya kwanza kuwaka na kupaa yenyewe, ikila kile kilichobaki kwenye silinda na kwenye bomba la hewa, hata ukivuta kitufe cha kuzimia. Kabla ya kuwasha, toa bomba la kichujio cha hewa na umweke mtu mzima mmoja na kipande cha ubao bapa kinachofunika mdomo wote wa manifoldi. Injini ikipaa, anakandamiza ubao, hewa inakatika, inazima. Kitambaa kinavutwa ndani, na mkono unaumia.

Na siku hiyo watoto wafundishwe kuzima kabla ya kuwasha. Kwenye haya matrekta ukizungusha ufunguo kurudi, injini haizimi. Inazimwa kwa kuvuta kitufe cha kukata mafuta. Kila mwanafamilia akivute mwenyewe angalau mara moja, trekta likiwa limezima.

#5 Nyakato_Dizeli

Upande wa mafuta ndiko watu wengi wanakwama, wanafikiri injini imekufa kumbe ina hewa. Nitaeleza kwa mpangilio.

Kwanza tangi. Litoe lote, usilisafishe likiwa juu ya injini. Mwaga mabaki, tia ngumi mbili za kokoto ndogo safi na lita mbili za mafuta ya taa, ziba, watoto walitikise kwa zamu. Mwaga, rudia hadi mafuta yatoke safi, hakikisha kwa tochi hakuna kokoto iliyobaki ndani, likaushe juani. Kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu ndogo ya kuvutia dizeli kioshwe pamoja na wavu wake. Vichujio ni vya aina ya CAV 296, vinauzwa kila duka la spea. Weka vipya na mipira yake yote, si ule mkubwa wa nje pekee. Mpira mmoja wa zamani ukiachwa, hewa itaingia hapo na mtahangaika wiki nzima.

Kutoa hewa:

Legeza skrubu ya hewa juu ya nyumba ya vichujio. Piga kile kimkono cha pampu ndogo hadi dizeli itoke bila povu, kaza ikiwa bado inatoka. Kimkono kikiwa laini bila kusukuma kitu, pampu haijafa: kemu ya injini imeisimamisha juu. Zungusha krenki mzunguko mmoja, jaribu tena.

Nenda kwenye pampu kubwa, inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Ile ya CAV DPA ina skrubu mbili za hewa: moja ubavuni, kwenye bolti inayoshika kichwa cha pampu, na nyingine juu kwenye nyumba ya gavana (kidhibiti cha kasi). Anza na ya ubavuni, malizia ya juu. Kila moja hadi povu liishe.

Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, hakikisha kitufe cha kuzimia kimesukumwa ndani, piga stata. Dizeli ikichuruzika kwenye mabomba mawili, kaza hayo. Injini itaanza kukohoa, kaza la tatu. Stata isipigwe zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo, kisha ipumzike dakika moja.

Onyo zito. Dizeli inayotoka kwenye nozeli hupenya ngozi hadi ndani ya nyama. Usipime nozeli kwa kuweka kidole au kiganja mbele yake. Ikimpiga mtu, hata kidonda kikionekana kama tundu la sindano, ni hospitali saa hiyohiyo na umwambie daktari ni dizeli ya presha.

Oshazi za shaba chini ya nozeli ziwe mpya. Kama hazipatikani, ya zamani ichomwe hadi iwe nyekundu, izamishwe kwenye maji, itakuwa laini tena. Ondoa pia ile ya zamani iliyogandamana ndani ya tundu. Ukiweka mbili, nozeli inakaa juu, mchomo unaharibika, moshi mweusi unaanza.

#6 Sengerema_Kwetu

Asante mkuu. Kwetu stata inapiga klik tu, au haipigi kabisa. Betri ni mpya ya N100.

#7 Nyakato_Dizeli

Haipigi kabisa: tazama ule mkono wa gia kubwa na ndogo. Lazima uwe kwenye nafasi ya kuwashia, kwa sababu swichi ya usalama iko hapo. Swichi hiyo hushika kutu kwa maji yaliyopita kwenye mpira wa mkono wa gia. Usiiunganishe moja kwa moja ukaiacha hivyo. Trekta lenye gia likipigwa stata, linaruka na kumkuta aliye mbele yake.

Klik tu: toa waya wa bodi (unaounganisha betri na chuma cha trekta), piga msasa mahali unapofungwa hadi chuma cheupe kionekane, paka grisi, funga. Waya uwe mnene kama ule wa stata. Rangi mpya chini ya waya wa bodi ni chanzo kikubwa cha klik. Na kabla ya kubadili betri yoyote, hakikisha ni upande gani unakwenda bodi, maana matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalitoka kiwandani na chanya kwenye bodi. Ukigeuza bila kujua, dainamo na rejuleta vinaungua.

#8 Mkulima_Magu

Rejeta. Mafundi wa huku wanatoa thamostati na kuitupa, wanasema kanda ya ziwa ni joto. Naona hoja yao.

#9 FundiKayenze

Hoja hiyo naipinga kabisa. Thamostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya pekee. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa vuguvugu haichomi mafuta yote; dizeli isiyoungua inaosha ukuta wa laina na kuingia kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, ringi na laina vinalika. Trekta litachemsha kwa sababu nyingine, na hizo ndizo za kutafutwa: rejeta iliyoziba, mkanda uliolegea, kofia ya rejeta iliyochoka.

Kofia hiyo watu wanaidharau. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 96, si 100. Kofia nzuri ya 7 psi inabana mfumo na kupandisha kiwango hicho kwa nyuzi 10 hivi. Mpira wake ukiwa umekauka, umepoteza nyuzi hizo zote. Ibadilishe.

Kupima thamostati: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, washa jiko. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na ifungwe tena maji yakipoa. Watoto wanalipenda zoezi hili, na ni salama mkubwa akiwa jikoni.

Kusafisha ndani: toa thamostati, jaza maji karibu lita 10 pamoja na nusu kilo ya asidi ya sitriki ya unga, ile ya watengeneza juisi. Endesha injini bila mzigo hadi ipate joto, iache iungurume nusu saa, zima, subiri ipoe, mwaga. Suuza kwa maji yenye vijiko vichache vya baking soda, kisha maji matupu mara mbili. Fungua pia bomba la kumwagia lililo ubavuni mwa bloku; likiwa kavu, tope limeliziba, lichokoe kwa waya.

Maji ya kujaza yasiwe ya ziwani wala ya kisima chenye chumvi. Tumieni ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, au ya betri, pamoja na kulanti yenye kinga ya kutu kwa kipimo cha kwenye dumu.

Na nje ya rejeta, wale vijidudu vya ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji wakivamia pwani hujaza mapezi kwa usiku mmoja taa ikiwa imewashwa. Puliza hewa au maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, siyo kutoka mbele, utawasukuma ndani zaidi.

#10 DadaSpana

Kutu kwenye vipande vidogo: bolti, mabano, pini za mikono ya nyuma. Kuna njia mbili ambazo familia inaweza kufanya bila kemikali kali.

Molasi, ile ya kuchanganyia chakula cha ng'ombe. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, mbali na nyumba kwa sababu inachacha na kunuka. Zamisha chuma chote, kisitokeze juu ya maji, maana pale usawa wa maji kitalika. Wiki moja hadi tatu. Kikitoka, kisugue kwa brashi chini ya maji, kikaushe haraka, kipakwe oili au praima siku hiyohiyo. Usiweke aluminiamu, beringi, wala pampu.

Umeme. Ndoo ya plastiki ya lita 20, soda ash ya watengeneza sabuni, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4 za maji. Usichanganye na kostiki, hiyo inaunguza. Chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida, visigusane. Chuma kisichoshika kutu kisitumike upande wa chanya, kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Gesi inayopanda ni haidrojeni, inalipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje na chaja izimwe kabla ya kugusa waya.

Bolti zilizogoma kwenye trekta lenyewe: mafuta ya kulegeza jioni, nyundo ndogo kwenye kichwa cha bolti, kesho yake kaza kidogo kwanza kisha legeza. Kukaza kidogo kunavunja ganda la kutu.

#11 Mkulima_Magu

Haidroliki haipandi. Injini inanguruma vizuri. Pampu imekufa?

#12 FundiKayenze

Kabla ya kulaumu pampu, angalia mkono wa PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine). Kwenye MF 35 na 135 pampu ya haidroliki imezama ndani ya nyumba ya katikati na inaendeshwa na shafti ya PTO. Mkono wa PTO usipotiwa upande wa injini, haidroliki haifanyi kitu. Watu wameshafungua mfuniko wa juu wa haidroliki bure kwa sababu ya mkono huo.

Ukiwa umetiwa na bado haipandi, pima oili. Gia boksi, haidroliki na difu vinatumia oili moja, lita 30 hivi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ina maji, na maji yanaingia sehemu tatu: mpira wa mikono ya gia, sili ya shafti ya PTO nyuma, na ule mpira unaofunika springi kubwa pale kiungo cha juu kinapofungwa. Huo wa springi ndio unaosahaulika, na ndio unaoelekea juu kupokea mvua. Badilisha yote mitatu kabla ya kumwaga oili, la sivyo utamwaga mara mbili.

Kumwaga: endesha hadi oili ipate joto, mwaga vizibo vyote, acha usiku kucha. Jaza mafuta ya taa lita 5 na oili ya bei nafuu lita 10, pandisha magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara, zungusha taratibu kwa gia ya chini dakika tano bila mzigo, mwaga tena. Chujio la pampu litolewe lioshwe. Kisha jaza oili ya trekta ya kazi zote, ile ya gia na haidroliki kwa pamoja. Oili nzito ya gia ya 140 haifai hapa. Pampu haiwezi kuivuta, mikono inapanda kwa kutetemeka.

#13 Nyakato_Dizeli

Mkuu Kayenze, hapo kwa mafuta ya taa mimi siafiki. Yakibaki kwenye pampu na beringi yanaondoa utando wa oili. Afadhali oili nyepesi ya haidroliki tupu, lita 15, mara mbili. Gharama inaongezeka, lakini pampu ya haidroliki ni ghali zaidi.

#14 FundiKayenze

Ninakubali kwa trekta ambalo pampu yake bado nzima. Kwa lile lililojaa tope la njano lililogandamana, oili tupu hailitoi. Basi tuseme hivi: tope zito, mafuta ya taa kidogo mara ya kwanza huku mkono wa PTO ukiwa umetolewa ili pampu isizunguke, kisha oili nyepesi mara ya pili PTO ikiwa imetiwa.

#15 Nyakato_Dizeli

Hapo sawa kabisa.

#16 Mama_Wawili_Ilemela

Naombeni mpangilio wa watoto. Wa kwangu ana miaka 8, mwingine 13. Wafanye nini na wasifanye nini?

#17 DadaSpana

Dada, wa miaka 8: picha za simu kabla ya kila kitu kufunguliwa, kuandika majina kwenye mifuko ya bolti, kuosha bolti kwa maji ya sabuni (siyo petroli), kupaka grisi kwenye nipo kwa bunduki ya mkono. Mpe daftari la trekta liwe lake: tarehe, kilichofunguliwa, kipimo kilichopatikana. Trekta lenye daftari ni rahisi kulitunza.

Wa miaka 13 anaweza kupima tapeti (nafasi iliyo juu ya kila valvu), na kazi hii inamfundisha injini nzima. Injini ikiwa baridi, nafasi ni milimita 0.30 kwa valvu zote, za kuingiza na za kutoa. Anazungusha krenki kwa spana kulia, akitazama valvu ya kuingiza ya silinda namba moja ikishuka kisha ikipanda. Anaendelea hadi pistoni ifike juu na fito zote mbili ziwe huru. Hapo anapima mbili za silinda hiyo. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3, hivyo anaendelea na ya pili, kisha ya tatu. Nati ikishakazwa apime tena, maana kukaza kunahamisha kipimo.

Wasifanye: kukaa chini ya trekta lililoinuliwa, kupanda kwenye mabawa ya magurudumu likiwa linatembea, kukaribia shafti ya PTO inayozunguka mizunguko 540 kwa dakika wakiwa na khanga au nguo pana, kufungua kofia ya rejeta ya moto. Trekta liinuliwe kwa jeki, likalishwe kwenye stendi au magogo mapana ya mbao ngumu. Mawe na matofali hupasuka. Likitenganishwa kati ya injini na gia boksi, pigilia kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na fremu pande zote mbili, kwa sababu ekseli hiyo inabembea na injini itaanguka upande.

Jambo moja zaidi kwa madereva wapya wa nyumbani: kuvuta kisiki au gari lililokwama, mnyororo ufungwe kwenye upau wa chini wa kuvutia tu. Ukiufunga kwenye kiungo cha juu, trekta linainuka mbele na kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajakanyaga klachi. Haya ya zamani mengi hayana fremu ya kumkinga dereva.

#18 Sengerema_Kwetu

Injini imewaka, asanteni sana wadau. Nitajuaje kama inahitaji ovahoo au iendelee?

#19 Nyakato_Dizeli

Ipe joto la kazi, nusu saa. Geji ya presha ya oili, kasi ya juu, iwe kati ya 30 na 60 psi. Chini ya hapo, kwanza hakikisha geji ni nzima, kisha metali za krenki zichunguzwe. Fungua kofia ya kujazia oili: mvuke mwepesi ni kawaida, moshi unaopuliza kwa mapigo ni ringi au laina.

Moshi wa bluu ni oili. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua, yaani nozeli, taimingi au kompresheni. Mweusi ni mafuta mengi au hewa kidogo, na hapa kwetu anza na kichujio cha hewa cha bafu ya oili. Fungua bakuli la chini, toa tope, jaza oili ya injini hadi kwenye alama, isizidi. Ikizidi injini itainyonya. Wakati wa kiangazi ukilima udongo wa kichanga, bakuli likaguliwe kila siku; tope likifika unene wa kidole, osha. Vumbi la mawe ya huku ni gumu, na bomba moja la hewa lililopasuka baada ya kichujio linamaliza laina kwa msimu mmoja.

#20 Mama_Wawili_Ilemela

Na rangi? Kuosha tufanyie wapi, tuko karibu na maji.

#21 DadaSpana

Kuosha kusifanyike ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za aina hii ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na oili moja inayotiririka inafika kwenye maji tunayokunywa. Tengeneza sakafu ya turubai lenye kingo, tandaza pumba za mbao zinyonye, oili chafu iingie dumu lenye mfuniko.

Rangi: toa grisi kwa sabuni ya maji na maji ya moto, piga brashi ya waya, msasa namba 80 kisha 180, praima ya chuma, msasa 400, rangi ya mafuta tabaka mbili nyembamba. Bati ni jekundu, injini na gia boksi kijivu. Rangi za kuchanganya na hadina ni sumu kwa mapafu, ziachieni mtu mwenye barakoa maalumu, watoto wasiwepo. Pigeni kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, mmalize saa nane. Msipake jioni karibu na taa. Vijidudu vya ziwani vitakwama kwenye rangi mbichi na mtaanza upya. Na Machi hadi Mei, mvua zikiwa zimeshika, fanyeni kazi za ndani.

#22 Sengerema_Kwetu

Langu asubuhi linawaka mara moja. Likishafanya kazi na kuzimwa, haliwaki hadi lipoe saa nzima. Dizeli nanunua ya madumu.

#23 Nyakato_Dizeli

Hilo ni pampu ya DPA iliyolika. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, haiilindi, rota inakwaruzwa. Ikiwa baridi bado inabana presha; ikipata moto nafasi inapanuka, dizeli inakuwa nyepesi zaidi, na kwa mwendo mdogo wa stata haifikishi presha kwenye nozeli.

Kuhakikisha: likigoma likiwa moto, funga kitambaa kwenye pampu, mwagia maji ya baridi polepole juu ya mwili wa pampu tu kwa dakika chache, piga stata. Likiwaka, jibu umelipata. Lisipowaka, angalia kwanza stata inazungusha kwa kasi na hakuna hewa kwenye mabomba.

Pampu hiyo isifunguliwe nyumbani, inahitaji benchi la kupimia. Kabla ya kulegeza nati zake tatu, chora mstari mwembamba unaopita kwenye flanji ya pampu na kwenye kava la taimingi, uurudishe palepale. Usizungushe injini pampu ikiwa nje. Ziba kila tundu kwa plastiki safi.

Na acha dizeli ya madumu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huuhuu, na kinga hiyo inaishia kwenye kituo cha mafuta. Nunua kituoni, hifadhi kwenye dumu lililokauka, liache litulie siku nzima, mimina kupitia kitambaa safi bila kufikia sentimita tano za mwisho. Jaza tangi jioni baada ya kazi, siyo asubuhi. Tangi tupu usiku hutengeneza matone ya maji ndani yake.